Masale Nyuma ya Banda

Ule ulikuwa mwaka wa kuku wa kisasa. Anayetaka kuutaja kwa namba na autaje, mimi naukumbuka kwa mdomo. Krismasi ile wanetu waliopanda kutoka Dar na Arusha hawakuchinja mbuzi. Walishuka kwenye mabasi na maboksi ya kuku weupe, wameshanyonyolewa, nyama laini kama mkate uliolowa, mfupa ukiuuma unavunjika kama kijiti. Tulikula, tukasifu kwa adabu, halafu tukarudi jikoni kula kiburu, ndizi zetu na maharage, ili tushibe. Kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka wengine waliiacha ikaivia mtini na kudondoka. Jirani yangu, mama mmoja mjane kama mimi, aling'oa mibuni yake yote akapanda nyanya, na mwaka mzima alitugawia nyanya: nyanya kwenye ndizi, nyanya kwenye maharage, mpaka kifua kikawa kinawaka moto. Kuku wa kisasa na nyanya. Mwaka huo ndio mjukuu wangu alitaka kusimamisha mnara kwenye kihamba changu.

Kihamba chetu kiko Mwika. Kwa asiyejua, kihamba ni shamba la migomba na kahawa ambalo nyumba imo ndani yake, ng'ombe wamo, na waliokufa wamo.

Mjukuu huyo nilimlea mimi. Mama yake alikuwa binti yangu wa mwisho. Mwaka ninaousema alikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, pale pale Moshi mjini. Wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, na huyo wa kwanza ni mwanamke. Nililisema hilo kanisani, nikalisema sokoni, nikalisema penye pombe ya mbege nilipokuwa napita tu na hakuna aliyeniuliza. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tatu. Kusoma najua, kuandika najua. Mengine nimefundishwa na jembe.

Mwezi wa pili jicho langu la kulia likaziba kabisa. Mtoto wa jicho, wakasema hospitalini, wakanipasua. Daktari akanikataza kurudi mlimani kwenye moshi wa kuni mpaka jicho lipone. Ndiyo nikakaa kwa mjukuu wangu mtaa wa Njoro, mjini, mwezi mzima, jicho moja limefungwa kitambaa cheupe.

Alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Nilitegemea kitanda, meza na vitabu. Nilikuta kompyuta zimejaa mpaka mlangoni, nyingine zimefumuliwa matumbo, nyaya zimetoka nje kama utumbo wa kuku. Kitanda kimesimamishwa ukutani kupisha mashine. Mjukuu wangu, mtoto niliyemlalisha kwenye godoro zuri la sufi, alikuwa analala juu ya makaratasi ya boksi.

Kulikuwa na kijana mmoja mrefu wa Dar es Salaam, mwanafunzi mwenzake, yeye alipanga chumba mtaa wa pili lakini alikuwa haendi huko ila kuoga. Akaja kunishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye mkurugenzi wa ufundi."

"Marahaba. Na huyu mjukuu wangu je?"

"Yeye ni mkurugenzi mkuu."

"Na anayefagia?"

Wakatazamana.

"Hiyo nafasi bado iko wazi, Bibi," akasema yule kijana.

Nikachukua ufagio.

Walikuwa wawili tu, lakini wakijitaja walisema "kampuni". Kampuni inakwenda kula. Kampuni ina mtihani kesho. Siku moja kijana aliharisha kwa sababu ya chipsi mayai za mafuta ya juzi, mjukuu wangu akasema kampuni inaumwa tumbo. Nilicheka mpaka jicho likauma chini ya kitambaa. Tai ilikuwa moja, imetundikwa kwenye msumari. Ile ilikuwa tai ya kampuni, aliyekwenda kuonana na mteja ndiye aliyeivaa, hata mjukuu wangu aliivaa juu ya gauni. Nikamwambia anafanana na padri aliyepotea.

Maisha yao yalifuata umeme. Ukikatika walilala hata kama ni saa nne asubuhi, ukirudi waliamka kama majeshi. Saa mbili kasoro walitoka mbio kwenda darasani na vumbi la mashine kwenye nywele. Waliporudi, mmoja alishika daftari akisoma kwa sauti masomo ya siku hiyo, mwingine anapuliza vumbi kutoka ndani ya kompyuta kwa pampu ya baiskeli. "Rudia hapo," anasema mwenye pampu, fyuu, fyuu. Mashine zile zilitoka Ulaya zikiwa mbovu, ndani ya kontena la mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la redio na pasi mjini. Aliwapa wazifufue. Alikuja siku moja kuzitazama, akakuta napika mtori, supu yetu ya ndizi, akala bakuli mbili baada ya kuuliza kama kuna nyama, maana kwao hawali nyama. Nilikuwa nimeshampakulia kabla sijaweka nyama. Mwenzangu yule alijua kuuliza, na mimi nilijua kupakua.

Wala hawakuwa peke yao. Mwaka ule Moshi ilishikwa na homa. Kila kichochoro kilikuwa na kijana mwenye kompyuta na mipango. Chumba alichokuwa akishonea fundi cherehani sasa kimeandikwa intaneti kafe, aliyekuwa anauza mitumba sasa anauza barua zinazopita kwenye waya. Vijana walikuja kwa mjukuu wangu kila saa kuuliza jambo, na walimwita "bosi". Nilikaa kwenye kigoda changu mlangoni, jicho moja, nikasikia mtoto wangu akiitwa bosi. Nani angenipata siku hizo?

Sasa nieleze siku ya mvua.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Mvua ya masika ilipiga bati, kijana wa Dar alikuwa na kipindi chuoni. Mjukuu wangu alikuwa kwenye kompyuta moja iliyounganishwa na simu, mimi nachambua maharage kwa kupapasa.

"Bibi, unajua hii ukiiuliza kitu inatafuta dunia nzima?"

"Inatafuta nini?"

"Chochote. Mji. Dawa. Mtu."

"Mtu aliyepotea?"

Vidole vyake vikagonga, tak tak tak.

"Mimi kila Ijumaa namtafuta mama," akasema.

Mkono wangu ukasimama kwenye maharage.

"Naandika jina lake," akasema. "Nimeandika kwa namna zote, jina la ubatizo mbele, jina la ukoo mbele. Halafu nimewaandikia mapadri wa kule ng'ambo ya mpaka. Wawili wamenijibu. Wanasema kwenye kitabu chao cha maziko hayumo. Bibi, hivi ulisema alizikwa Taveta, au mbele ya Taveta?"

"Mbele," nikasema.

"Mbele wapi?"

"Mbele tu. Ni zamani. Nimesahau."

"Ukikumbuka uniambie. Nataka nikaone tu mahali. Hata kama pameota majani."

Tak tak tak. Nikaisikia mashine inanguruma, inatafuta. Dunia nzima. Halafu mjukuu wangu akavuta pumzi na kusema, "Hakuna."

Mama yake alikuwa amelala nyuma ya banda langu la ng'ombe. Hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni.

Nitalisema lote, sitalimung'unya. Binti yangu alipata mimba akiwa kidato cha pili. Alipojifungua na mtoto akaacha ziwa, nilimwambia mbele ya mawifi zangu, kwa sauti ili wasikie vizuri: "Mtoto acha. Wewe nenda." Nilikuwa na kiburi, ninacho mpaka leo. Akaenda Himo, pale njia panda. Kwanza aliuza chai, baadaye biashara zilipofunguliwa akawa anavusha nguo na sabuni za mpakani. Alituma vitu vya mtoto kila mwezi, hakutuma salamu kwangu. Miaka sita. Halafu siku moja ya soko lori la kubeba ndizi lilipanda tupu likasimama njiani kwangu, wakamshusha kama fungu la kuni. Ulikuwa ule ugonjwa, wakati ambao watu walikuwa hawautaji jina. Alikaa kwangu siku tisa. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa bweni kwa masista, sikumwita aje amwone vile.

Alipokata roho wazee wa ukoo walikuja wakasimama kule njiani, leso puani. Wakasema hana mume, ana ugonjwa ule, hawezi kulala pamoja na baba yake na babu zake mbele ya nyumba. Wakasema tena hakuna kijana wao atakayeshika jembe.

Nikawaambia, "Basi kaeni na majembe yenu."

Nilichimba mwenyewe, nyuma ya banda, ukingoni mwa korongo, pasipo na migomba. Nilianza umande haujakauka, mpaka saa tisa alasiri. Yule jirani yangu, ambaye baadaye ndiye wa nyanya, alikuwa anatoa udongo kwa karai, machozi na makamasi yanamtiririka. Lilipofika kiunoni shimo likagoma. Jembe liligonga mwamba likalia: ngo. Nikasogea kushoto. Ngo. Nikasogea kichwani. Ngo. Kina cha kiuno changu, na mimi ni mfupi. Nilimlaza hapo ndani ya blanketi na mkeka wa kuanikia kahawa. Juu yake nikapanda masale kuzunguka. Isale ni mmea wetu wa majani marefu, unapandwa mipakani na kwenye makaburi. Na ukimkosea mtu unampelekea jani lake lililofungwa fundo, akiliona hawezi kukataa kukusamehe. Nilipanda mengi. Msalaba sikuweka, maana msalaba unauliza jina.

Mtoto alipokuja likizo nikamwambia mama yake alifia ng'ambo ya mpaka, akazikwa huko huko. Sikutaka aone mahali palivyo, kama pa kufukia mbwa. Majirani walinyamaza. Watu wa mlimani wakiamua kunyamaza, wananyamaza mpaka wanazeeka.

Tangu siku ile ya mvua sikupata raha Njoro. Seremala akigonga msumari nasikia ngo. Mjukuu wangu akigonga vitufe, chini ya ile tak tak nasikia ngo. Nikifumba jicho langu zima naona masale.

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kosa.

Kampuni ilikuwa imepata mteja mkubwa, mwenye hoteli ya wageni wapanda mlima kule juu. Alitaka intaneti hotelini kwake, na simu ya waya haikufika. Kijana wa Dar alikuwa na dawa: kusimamisha mnara wa mabomba ya chuma mahali panapoonana na mjini na pia na hoteli, na antena juu yake, ili habari ziruke hewani. Mteja aliwapa mpaka Pasaka. Wasipoweza atachukua watu wa Arusha. Walizunguka milima wiki mbili na darubini ya kuazima, wakarudi na matope mpaka magotini. Kila penye mwinuko pana miti, kila pasipo na miti pana kilima kimeziba.

Siku hiyo walikuwa wanakula kiburu changu wamenuna. Kijana akasema, "Bibi, huko kwenu mgomba umeota mpaka juu ya mgomba. Mtu hawezi hata kuona mbele."

Akinigusa kwetu amenigusa mimi. Nikasema, "Nani kakwambia? Kwangu mimi, nikisimama nyuma ya banda, Moshi yote iko chini yangu kama sinia. Nikigeuka naiona hadi bendera ya hiyo hoteli yenu. Wewe wa Dar umeona nini zaidi ya vumbi?"

Kijiko cha kijana kikasimama hewani.

"Bibi, rudia hapo."

Sikurudia. Lakini limeshatoka. Mjukuu wangu alikuwa ameshasimama, macho yanawaka. "Nyuma ya banda! Kwenye yale masale! Nimecheza pale utoto wangu wote, inakuwaje sikupakumbuka?"

Kweli alicheza pale. Nilimwona mara nyingi, anasuka majani ya masale kama nywele za mtu. Nilikuwa namwita ndani kwa ukali bila sababu.

Ningeweza kusema siku ile ile, hapana. Nilisema tutaona. Jicho likafunguliwa, nikapanda basi, nikarudi kwangu. Nilikwenda nyuma ya banda kabla sijavua hata viatu. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka korongoni mchana kweupe, umejaa kati ya masale kama mtu amevuta shuka.

Jumamosi iliyofuata wakaja na pikapu. Mabomba, nondo, mifuko ya saruji, kokoto. Kijana wa Dar amevaa ile tai, sijui alimvalia nani. Nilikuwa kwenye ndizi, nakata majani ya ng'ombe. Niliposikia sauti zao nyuma ya banda nikadhani wanapima tu. Nikasikia jembe. Mara ya kwanza, udongo. Mara ya pili, udongo.

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, na panga mkononi. Walikuwa wameng'oa masale matatu wameyalaza pembeni, kijana ameinua jembe mara ya tatu.

Nikaingia katikati, nikasimama pale pale jembe lilipokuwa linashukia.

"Hapa hapachimbwi. Anayetaka kuchimba aanze na mimi."

"Bibi!" mjukuu wangu akasema.

"Ni shimo moja tu, Bibi," kijana akasema, anacheka kwa wasiwasi, analitazama panga. "Mita mbili kwenda chini. Tukimwaga zege huwezi hata kujua."

Mita mbili. Nikamwangalia mtoto wa watu.

"Mjukuu wa nani asiyejua kwamba masale hayang'olewi?" nikamgeukia wangu.

"Bibi, ni mpaka tu, tutayapanda upya. Kwani hapa pana nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Kaburi ni neno jepesi, linasemeka. Lakini nikisema kaburi ataniuliza la nani. Nikawaonyesha mahali pengine mbele ya banda, nikawaambia wachimbe hata uwanja mzima, wakate mgrevilea wa kivuli, wang'oe mibuni. Wakajaribu. Walipandisha bomba moja kwa kamba, kijana akapanda juu na darubini kama nyani, akashuka anatikisa kichwa. Kilima cha jirani kinaziba. Ni ule ukingo tu.

Mjukuu wangu hakunung'unika. Alipakia mabomba kwenye pikapu, akanawa mikono kwenye mfereji, akaniambia, "Bibi, nilikuwa nakusifu kwa watu kwamba wewe ni mwanamke wa mbele kuliko sisi." Akaondoka bila kula. Ndizi zilikuwa mezani.

Niliyapanda masale yale matatu upya. Yalisimama upande.

Alirudi baada ya siku nne, peke yake. Nilikuwa jikoni. Akapiga magoti mlangoni, mtoto wa chuo kikuu na suruali yake ya jinzi, akanyoosha mikono miwili. Mikononi ana jani la isale limefungwa fundo.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja na isale."

Unaona kosa hilo? Ni kosa la mtoto wetu aliyesomea bweni, amejua desturi nusu. Amesikia kwamba mwenye isale hakataliwi. Hakujua kwamba isale linaomba msamaha tu, haliombi shimo.

"Umenikosea nini?" nikamuuliza.

"Nimeng'oa masale bila ruhusa. Nisamehe. Na halafu... Bibi, Pasaka ni wiki ijayo. Naomba pale mahali. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

Nikalitazama jani. Lilikuwa pana, kijani cha kuiva, limechanika kidogo nchani. Nayajua masale yangu yote.

"Hili umelikata wapi?"

"Hapo nyuma. Nimepitia njia ya korongoni nisikutane na mtu."

Nikakaa chini kwenye jivu. Alikwenda akachuma jani juu ya mama yake akaniletea mimi, kwa mikono miwili, aniombe msamaha. Mimi. Ningekuwa nimechomwa kisu nisingekosa pumzi vile.

"Mae," nikamwambia. Kwetu mae ni mama, na mtoto wa kike tunamwita hivyo tukimpenda. "Mae, umesamehewa. Lakini usitafute tena kwenye mashine yako."

"Kutafuta nini?"

"Mama yako. Haiwezi kumpata. Umeishika nywele yake hiyo mkononi."

Hakuelewa. Halafu nikaona anaelewa, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Akalitazama jani. Akageuza shingo kutazama nyuma ya banda kupitia mlango wa jikoni, hatua ishirini, mahali alipokuwa akicheza.

Nikamweleza. Lori, siku tisa, leso za wazee, karai, mwamba. Nikamwambia na maneno niliyomfukuzia mama yake, kama nilivyoyasema, bila kupunguza. Kina cha kiuno nilikiacha mwisho.

"Kwa hiyo tungechimba mita mbili..." akasema.

"Ndiyo."

"Yule angelishusha jembe mara ya tatu..."

"Ndiyo, mae."

Hakulia. Ningependa angelia. Alisimama, akaenda nyuma ya banda na lile jani, mimi sikumfuata. Nilikaa jikoni nikasikia ng'ombe anacheua. Alipita upande wa nje bila kuniaga, nikasikia mawe ya njia yanateleza chini ya viatu vyake mpaka yakanyamaza.

Pasaka ilipita. Mwenye hoteli alichukua watu wa Arusha. Mwenye umri wangu anajua kungoja, nikangoja wiki tatu, hakuna salamu, hakuna barua. Ya nne nikachuma isale mwenyewe. Mkubwa kumpelekea mdogo isale haifanyiki kwetu. Jirani yangu wa nyanya aliponiona nimelishika njiani aliziba mdomo kwa mkono. Nikamwambia, "Ziba vizuri," nikapanda basi.

Njoro nilikuta kitanda kimeshushwa chini, kimetandikwa. Mashine zimerudi kwa mzee wa Kihindi, imebaki moja. Kijana wa Dar amepata watu wengine wa kushirikiana nao, amechukua pampu, ameacha tai kwenye msumari. Mjukuu wangu alikuwa anasoma mtihani. Nilipiga magoti pale pale mlangoni nilipokuwa nikikalia kigoda, mbele ya seremala na wateja wake, nikanyoosha jani.

"Nimekuficha mama yako miaka kumi na tatu."

"Bibi, simama, watu wanaona."

"Waone. Pokea."

Alilipokea. Lazima alipokee, ndiyo desturi. Sikuweza kujua kama alinisamehe yeye au ni jani lililosamehe. Mpaka leo sijui. Alinichemshia chai, akanywa na mimi, akanisomea alichokuwa anajifunza, nami nikawa namwambia rudia hapo, kama walivyokuwa wakifanya.

Alimaliza chuo. Sasa yuko Dar kwenye kazi ya kompyuta, ana ofisi ya kwake, anaitwa bosi na watu wazima. Kila Krismasi anapanda, na mbuzi mzima, kuku wale hawataki tena. Akifika haingii ndani kwanza. Anakwenda nyuma ya banda, anakaa kwenye ukingo, miguu imening'inia korongoni, Moshi yote iko chini yake. Anaongea. Simsikilizi. Lakini ukungu ukipanda mchana nikiwa nachota maji, huwa nasikia watu wawili.

Krismasi iliyopita alikuja na fundi, na vigae vyeupe, na msalaba wa marumaru wenye jina limechongwa tayari. Akanikalisha akanishika mikono yote miwili. Wazee wale wa leso wamekufa wote, akasema, waliobaki wamekubali, ameongea nao mmoja mmoja. Wamhamishe mama yake, alale mbele ya nyumba karibu na baba yake, kwa heshima, padri asome. Fundi alikuwa ameshasimama kati ya masale na jembe jipya lenye lebo ya dukani, anangoja neno langu.

Ilikuwa heri. Kila alilosema lilikuwa heri. Nikawaza lile jembe likishuka mara ya kwanza, mara ya pili, halafu mkeka wangu wa kahawa utoke mchana mbele ya macho ya mtoto, na mtoto apime kwa macho yake jinsi nilivyochimba. Nikaisikia ngo. Nikaipita nyumba, nikalipita banda, na fimbo yangu, nikaenda nikasimama pale pale.

"Hapa hapachimbwi. Anayetaka kuchimba aanze na mimi."